Nikate Mti wa Kaburini Ili Njiwa Wangu Wapone?

Mpendwa Mama Costansia, naomba msaada wako kabla sijamkosa mama yangu mzazi, na nakuomba usinicheke kwa sababu jambo lenyewe limeanza na njiwa.

Shikamoo. Mimi ni mkulima wa kahawa na ndizi hapa Kaisho, Mkoa wa Kagera, nina mke, Anonciata, na nina njiwa wa mashindano, wale ambao ukiwapeleka mbali kwenye tenga na kuwafungulia wanarudi nyumbani wenyewe, mbegu nilipewa na padri mmoja mzungu niliyekuwa mpishi wake, alipohamishwa akaniachia, na sasa tuko wafugaji wachache tunaoshindana, tunawapeleka Kimuli au Isingiro juu ya lori la ndizi na kuwaachia huko, na bingwa nilikuwa mimi mpaka mwaka jana Cassian mwenye duka aliponipokonya, si kwamba njiwa wake wana mbio kuliko wangu, ni kwamba wangu wanaliwa.

Anayewala ni kipanga, si yule mwewe mwizi wa vifaranga, huyu ni mwembamba na mkali, anakaa juu ya mti mkubwa wa mtoma ulio pembeni ya uwanja wangu na njiwa wakiruka tu anaondoka na mmoja, na nimechoka, Mama, nimechoka kabisa, maana si kwamba nimezembea, kila asubuhi nikishamaliza kukamua ng'ombe nachukua debe na kulipiga kwa nguvu zangu zote kumtisha, kama tulivyofundishwa tangu utoto kulinda vifaranga, ndipo nafungua banda, na majirani wote wanalijua debe la Hategekimana, wengine ndiyo saa yao ya kwenda shambani, lakini ndege huyo hana aibu wala haogopi, nimepiga debe mpaka likapasuka nikatafuta lingine.

Mara moja tu hakuja, nilikuwa kitandani na malaria, Anonciata akawafungulia mchana, debe hakupiga kwa kuwa hakutaka kuniumiza kichwa, wakaruka wakarudi wote, akaja kuniambia nami nikamjibu kwamba hiyo ni bahati tu, akanitazama akasema, "Haya, mume wangu, wewe ndiye fundi."

Basi nikaona dawa ni kuukata mti, na hapo ndipo nilipochokoza nyuki, kwa sababu mtoma huo, ambao sisi wenye asili ya Rwanda tunauita umuvumu, marehemu baba aliupanda kwa kijiti alichovuka nacho mto Kagera tulipokuja huku, na alipofariki tukamzika chini yake, na mama aliponiona nimeazima msumeno kwa Rwezaura jirani yetu akaniuliza nataka kukata nini, nikamwambia, akasema, "Kata. Ila kwanza nifukulie mume wangu, nimtafutie kivuli kingine." Kesho yake akafunga nguo zake kwenye kitenge akaenda Isingiro kwa dada yangu, na ametuma neno kwamba siku mti ukianguka nisimhesabu tena kuwa ana mtoto wa kiume Kaisho. Mke wangu haongei na mimi zaidi ya chakula kiko tayari, Cassian ananicheka dukani, mashindano ya Pasaka yamekaribia, na kipanga bado yuko pale juu ananitazama. Nifanye nini? Nikate niwapatie njiwa usalama, halafu nimbembeleze mama taratibu, au niwaache waishe?

Hategekimana, Kaisho

*

Hategekimana mwanangu, marahaba. Sikukucheka. Nilitaka kucheka nilipofika kwenye debe, lakini nikasoma habari za mama yako na kicheko kikakatika.

Nijibu swali moja. Ukimgongea mtoto sahani kila asubuhi, kisha ukampakulia uji, siku ya kumi utashangaa akija mbio akisikia sahani? Sasa wewe unagonga debe kila siku, saa ile ile, halafu unafungua mlango na chakula kinaruka nje. Mwewe wa vifaranga hutishwa na debe kwa sababu hupigiwa akiwa anashuka. Huyu wako unampigia kabla, kumwarifu kwamba meza iko tayari. Majirani wako wanajua saa kwa debe lako na wewe ukadhani kipanga ni mjinga kuliko majirani. Miezi yote hiyo ulikuwa unafundisha ndege mmoja tu vizuri, naye si njiwa.

Na ushahidi uliletewa kitandani. Mke wako alibadilisha saa, akaacha kelele, njiwa wakarudi wote. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini wewe uliambiwa, na bado ukaita bahati. Ningekuwa Anonciata, hata hilo la chakula kiko tayari nisingekwambia.

Mimi njiwa nawajua. Marehemu mume wangu aliwafuga Bukoba miaka mingi na banda nililifagia mimi, kwa hiyo usiniambie wanawake hawaelewi. Debe hilo litoboe, upandie vitunguu. Fungua banda leo asubuhi, kesho alasiri, keshokutwa usifungue kabisa, kipanga asijue ratiba yako. Kabla ya kufungua simama kimya utazame juu ya miti, na ukimwona yuko pale, njiwa wabaki ndani, hakuna aliyekufa kwa kukaa bandani siku moja. Waruke wakiwa na njaa kidogo, maana njiwa aliyeshiba ni mzito na hukaa juu ya bati kujinyoosha, hapo ndipo anapochukuliwa. Wakishazunguka watikisie mtama kwenye kopo, waingie mara moja, na tundu la kuingilia lipanue, wasipange foleni mlangoni. Chipukizi usiwaachie peke yao, waruke na wakubwa wenye akili. Ukiwapeleka mazoezi Kimuli, waachie wote kwa pamoja, kwa sababu kipanga akiona kundi linageuka kwa pamoja huchanganyikiwa, bali njiwa mmoja aliyetengwa ni wa kwake.

Utampoteza mmoja mmoja hata ukifanya haya yote. Kipanga naye ana watoto. Asiyeweza kuvumilia hilo afuge bata.

Na usidanganywe na msumeno. Ukiukata mtoma, kipanga atahamia kwenye mkaratusi wa Rwezaura, asubuhi utapiga debe, naye atakuja kutoka huko. Utakuwa umempa safari fupi ya ziada. Baba yako atakuwa amelala juani, na njiwa wataendelea kuliwa. Sasa ulitaka kumbembeleza mama yako kwa maneno gani? Kwamba ulikata, halafu haikusaidia?

Ulianza kwa kumtaja mama, lakini swali lake ukaliacha mwishoni kabisa, baada ya njiwa, baada ya Cassian, baada ya Pasaka. Hapo umenikera kweli. Mwanamke aliyevuka mto akiwa amekushika mkono amefunga nguo zake kwenye kitenge kwa mara ya pili, na safari hii aliyemkimbiza ni mwanawe.

Kwa hiyo fanya hivi. Msumeno urudishe kwa mwenyewe leo, kabla hujamaliza kusoma gazeti hili kwa mara ya pili. Kisha mwombe Anonciata radhi, na umwombe akusindikize, kwa sababu mama atamsikiliza yeye kabla yako. Nendeni Isingiro. Usiende na njiwa wa zawadi, wala habari za njiwa usizitaje. Piga magoti, mwamkie, mwambie mti uko palepale na utabaki palepale, na umwombe arudi nyumbani kwake. Akikataa, lala huko, umwombe tena asubuhi. Akikataa tena, baki. Mashindano ya Pasaka yakupite, na Cassian acha ashinde.

Njiwa wako wamezoea kurudi nyumbani wenyewe. Mama yako harudi mpaka ukamfuate.