Mzee Aliyenikimbia

Kisa, pokea simu basi!

Nilikuwa uani naanika kokoa, huku nasoma ile riwaya yako ya binti mpweke. Akatokea mzee Lutengano, yule wa ng'ambo ya mashamba ya mpunga. Nikamsalimia kwa sauti, "Mugonile, baba!"

Hakuitikia! Alijifunika uso kwa kofia, akatumbukia kwenye matope ya mpunga na viatu vyake vya kanisani. Mtu mzima ananikimbia mimi!

Nikacheka mpaka machozi. Nikamwita mama aje aone.

Mama hakucheka. "Nyamaza. Huyo sasa ni baba mkwe wako. Kwa mila yetu mkwe hasalimiwi, anakwepwa, naye anakukwepa."

Mkwe?? Mkwe wa nani, mama?

"Baba yako ameshaongea nao."

Ameshaongea! Mimi nasubiri matokeo ya form four, yeye ameshaongea!

Binti wa kwenye riwaya analia eti mji mzima hakuna anayemwona. Heri yake.

Sasa hivi mzee amepita tena, anarudi kwake. Niliapa nitasimama katikati ya njia nimsalimie.

Kisa, nimejikuta nimechuchumaa nyuma ya migomba, khanga usoni. Na hakuna aliyeniambia nijifiche.