Aliyesailiwa ni Gari la Mjomba

Shoga, acha unachofanya usome hapa. Nimetoka kwenye usaili wa kazi, na aliyesailiwa ni gari la mjomba!

Ndiyo, lile jekundu la Kiitaliano, lililomzidi mama umri. Nilimwambia nitapanda basi. Akasema, "Mpwa wangu hashuki basi mbele ya mabosi." Haya.

Limezimika kwenye geti la ofisi. Katikati ya geti, shoga! Haingii mtu, hatoki mtu. Mjomba kafungua boneti, anabembeleza injini: "Mama, usiniaibishe."

Mara wasaili wote watatu wakateremka. Nikajua nafukuzwa. Wapi! Mwenyekiti wao akaanza kulipapasa kama kitoto kichanga. "Mzee, huu usukani ni wa mbao kweli?" Mjomba akasahau kama nipo duniani. Zamu yangu ilikuwa saa nne. Saa tano walikuwa bado wanasukuma, mimi nimewashikia makoti.

Makoti, shoga! Na vyeti vyangu kwapani!

Wakarudi ndani wanahema. "Tutakupigia."

Sasa hivi mwenyekiti kapiga. Roho juu. "Binti, mjomba wako analiuza?"

Analiuza! Uvumilivu ukanishinda. "Mzee, fundi hushinda chini yake kuliko mjomba anavyoshinda ndani yake. Ukilinunua, mchukue na fundi."

Nikajua nimejichimbia kaburi.

Akacheka. "Msema kweli wewe. Njoo kesho saa mbili tukusaili. Ila panda basi."

Nimemwambia mjomba. Kafurahi mno, anasema atanipeleka.