Kikombe cha Wageni

Baba Cheptoo,

Huku Chepilat mvua ipo, ng'ombe amezaa, lakini mimi situlii. Majani ya chai tunayachuma kila wiki yasitupite kiuno; mtoto wako hana wa kumzuia kukua. Ulipoenda Qatar alikuwa anapotea katikati ya shamba. Siku hizi kichwa chake nakiona nikiwa barabarani.

Ndugu yako ameniambia umeongeza mkataba, miaka miwili tena. Sawa.

Jana Cheptoo alifikia rafu ya juu bila kupanda kiti. Akashusha kile kikombe cha maua, cha wageni, akakiosha vizuri, akakiweka kando.

"Hicho ni cha nani?" nikamuuliza.

"Ni cha Baba, siku akikuja."

Wako, bado,
Mama Cheptoo