Diski Iliyovishwa Sweta

Mshauri mpendwa,

Naomba msaada wako kabla sijaunguza diski na heshima yangu kwa siku moja. Mimi ni mhariri wa video za harusi, nafanyia kazi nyumbani, kwenye meza iliyo kati ya dirisha la sebule na mlango wa jikoni, na kazi yangu naijua, hata wapiga picha walionitangulia huniletea video zilizowashinda, lakini hili limenishinda mimi. Video zangu zote ziko kwenye diski ya nje, ile ya kuchomeka kwa waya kwenye kompyuta, na humo humo ndimo ilimo video ya harusi yetu, ambamo marehemu baba mkwe anatoa nasaha, anagombana na kipaza sauti, kisha anacheka mpaka kofia inamdondoka, na hiyo ndiyo sauti yake pekee tuliyobaki nayo.

Mama mkwe alihamia kwetu mzee alipofariki, na sisemi kwa kujipendekeza, ni mama mwema, mimi na yeye ni chanda na pete. Kila alasiri akiamka anakuja mezani, "Mwanangu, niwekee mzee," namwekea, anatazama, anacheka palepale anapocheka mzee, kisha anarudi kwenye shughuli zake. Sasa kwa kuwa maisha yake yote alikuwa fundi wa kufuma sweta za wanafunzi, siku moja aliniletea kisweta cha buluu, kina kifungo na tundu la kupitishia waya, akaivisha diski kwa mkono wake mwenyewe, akasema, "Kitu kinachobeba sauti ya mume wangu hakitakaa uchi mbele za watu." Nikacheka, nikashukuru, nikidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha.

Mshauri, diski inachemka! Inawaka asubuhi hadi jioni maana nahariri moja kwa moja kutoka humo, na ndani ya sweta inapata joto hadi siwezi kuishika, na siku hizi inatoa mlio, tik, tik, halafu kompyuta inaganda. Nikiivua, mama akipita anauliza kwa upole unaoniumiza, "Leo mzee kavuliwa?" basi nimekuwa naivua akienda kuoga, nikisikia kandambili zake naivisha tena mbio mbio kama mwizi, na juzi ilipozidi kuchemka niliitia kwenye friji kidogo, karibu na maziwa. Mume wangu nikimweleza anasema, "Muache mama na sweta yake, hicho ni chuma tu." Kuinakili hiyo video ya mzee nako naogopa, diski isije ikafia katikati ya kazi. Je, diski hii ina maisha gani tena, na mama mkwe nimwambieje bila kumvunja moyo?

Mimi,
Mhariri wa harusi za wenzake

JIBU

Pole, mdogo wangu. Sasa kaa nikupe lako.

Umeitia kwenye friji? Diski si tikiti maji! Kitu kikitoka kwenye baridi kikakutana na hewa ya nje hushika unyevu, na unyevu ukiingia humo ndani utakuwa umeimaliza wewe, wala si sweta. Usirudie.

Diski ya aina hiyo ina sahani inayozunguka muda wote ikiwa inafanya kazi, kwa hiyo kupata joto ni kawaida, kama mtu aliyetoka kufua. Vuguvugu lisikutie hofu. Lakini mkono usipokalika juu yake, imezidiwa, na huo mlio wa tik tik ni dalili mbaya. Maisha yake hakuna anayeweza kukuapia: nyingine hudumu miaka, nyingine hufa changa, na joto huzipunguzia zote siku za kuishi. Hata ungeitunza kama yai, ipo siku itagoma. Ndiyo maana kosa kubwa hapa sio la mama mkwe. Ni lako wewe, unayewahimiza maharusi watunze kumbukumbu zao, kumbe sauti ya mzee umeiweka mahali pamoja tu. Mganga hajigangi, wamesema, lakini wewe umepitiliza.

Unaogopa kuinakili isije ikafa? Inakufa hivyo hivyo huku ukiitazama. Izime leo, uichomoe kwa utaratibu, usivute waya tu, kisha iache ipoe yenyewe bila kuguswa. Kesho asubuhi, kabla ya harusi ya mtu yeyote, iweke juu ya meza tupu, mbali na pale kompyuta inapopulizia hewa ya moto, fungua dirisha, na uchukue video ya mzee kwanza. Hiyo peke yake. Hata simu yako itaibeba. Itazame nakala mpaka mwisho ujue imekamilika, ndipo uhamishe mengine kwa mafungu, ukiipumzisha katikati. Ikigoma, usiipigepige wala kuifungua, mpelekee fundi anayeokoa mafaili. Kisha nunua diski mpya, na kazi ya siku uwe unaihamishia kwenye kompyuta ndipo uihariri, maana hata punda hupumzishwa.

Sweta usiitupe, ole wako! Tengeneza nakala ya pili kwenye diski nyingine ya kukaa kabatini, na kwa kuwa hiyo haichomekwi haipati joto, hiyo ndiyo mama aivishe apendavyo. Na mumeo anayesema ni chuma tu, mwambie chuma hicho kina baba yake ndani, aje akae nawe siku ya mazungumzo.

Maana mazungumzo lazima yawepo. Umekuwa ukivua na kuvisha kwa siri ukidhani unamhurumia mama, kumbe unamuacha peke yake. Usimweleze habari za joto na sahani. Mwambie lile linalokutisha: "Mama, naogopa tutampoteza mzee mara ya pili." Atakuelewa kabla hujamaliza, dada. Huyo mama alasiri zote hizi anacheka peke yake mbele ya kioo cha kompyuta, hajui kwamba na wewe unamkumbuka mzee.