Jina Moja, Vyumba Viwili

Makambako

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Huku upepo unavuma hadi mabati yanalia, lakini mimi ni mzima. Goti lako vipi sasa? Na mahindi ya bondeni, mmeshapalilia?

Uliniuliza kwenye simu kazi yangu hasa ni nini. Ngoja nikusimulie ya wiki iliyopita. Mimi na mwenzangu Lukelo tunaandika programu inayoendesha vyumba vya baridi, ambamo maparachichi ya wakulima yanasubiri lori. Tulikuwa tumeongeza chumba cha pili. Kesho yake asubuhi Bi Atu, msimamizi wa ghala, akaja na parachichi mkononi.

"Jamani, chumba kipya kina joto. Haya yanalainika!"

Tulihamisha makreti, hata bosi alibeba. Ndipo tukaanza kutafuta kosa. Vipimo vya vyumba vyote tuliviita jina moja, "joto", bila kutangaza kwamba kila chumba kina joto lake. Kumbe katika lugha ile ya kompyuta, jina lisilotangazwa huwa la wote. Chumba cha kwanza kilipopoa, programu ikadhani na cha pili kimepoa, ikazima mashine yake ya kupoza. Tukaongeza neno moja la kutangaza, mashine ikanguruma. Yaliyolainika yaliuzwa sokoni. Mengine yote yalisafiri salama.

Lakini mama, swali halikuniacha: nani aliamua jina lisilotangazwa liwe la wote? Nikajaribu lugha nyingine. Moja hulihesabu jina hilo kuwa la mahali pale pale lilipotumika. Nyingine hukataa kabisa: hili silijui, litangaze kwanza. Natamani ningewauliza waliozitunga walikuwa wanaogopa nini.

Sasa tunajenga programu ya ghala la Njombe. Nikaitaka lugha ile inayokataa.

"Itatuchosha hiyo," Lukelo akasema.

"Afadhali itukatae sisi mezani kuliko parachichi kuoza ghalani."

Bosi akakubali, na mimi ndiye nitakayehamia Njombe kuianzisha. Niombee.

Msalimie baba, na shangazi wa pale jirani, na mama mchungaji. Dada ameniambia anataka kumpa mtoto jina langu, ila anahofia mtatuchanganya. Mwambie ampe tu. Siku nitakayokuja, ukiita Tumaini, tutaitika wote wawili, nawe utachagua unayemtaka.

Mwanao akupendaye,
Tumaini