Pini za Asmah kwenye Soketi ya Aziz

Mpendwa Shangazi Edisa wa redio, nisaidie kabla ya siku ya soko, maana nimeshika jambo baya na sijui kama nitaliacha. Mimi ni msichana wa miaka kumi na minane, nimemaliza shule juzi tu, najifunza umeme wa magari kwa Anko Zedekia hapa Rukoki, na kuna dereva wa teksi ya Kasese na Bwera anaitwa Aziz, ambaye soketi yake ya kuchajia simu inaunguza fyuzi kila mara, na ikiungua redio nayo inanyamaza kwa sababu zinatumia fyuzi moja, basi anakuja akiniita, "Daktari, gari iko bubu tena, abiria watanikula!" nami nacheka nikiangalia chini, sijawahi kumwambia kitu, lakini asipokuja chakula hakipiti.

Sasa kuna Asmah, anauza vitenge Bwera, kiti cha mbele amekifanya chake, simu yake ndiyo inachajiwa pale, na juzi aliniona nimeinama chini ya usukani akasema, "Aziz, haka katoto ndiko fundi? Mi nashuka!" na Aziz akacheka, Shangazi, akacheka kweli, halafu nilipomulika ndani ya soketi nikakuta pini ya hijabu, ya pili hiyo, nikaificha mfukoni pamoja na ile ya kwanza. Mimi ni Mkristo, wao ni Waislamu, nikaona hao wawili tayari ni watu wa nyumba moja. Fyuzi ya pale ni ya buluu, ampea kumi na tano, lakini nimechukua kwa Anko ya kijani ya thelathini, hiyo haikatiki upesi, zitakazoungua ni nyaya, na soketi ikifa Asmah atakosa sababu ya kukaa mbele. Je, Aziz akija siku ya soko nikaiweka, nitakuwa nimekosa?

Immy, Rukoki

Immy, uchungu wako nimeusikia. Kuchekwa mbele ya mtu unayempenda kunauma. Lakini hiyo ya kijani mrudishie Anko Zedekia leo! Nyaya zikiungua, moto unaanzia miguuni mwa dereva. Utamwondoa Asmah kitini kwa kumchoma Aziz na akina mama wa Munkunyu waliokaa nyuma na vikapu vyao? Wivu ni wako, gari ni la watu.

Tena pini si pete ya ndoa. Mafundi wapo hata Bwera, ila Aziz analeta gari mpaka Rukoki kwa fyuzi ya dakika mbili. Sisemi anakupenda, labda anapenda kazi yako. Utajua ukiinua uso na kumwuliza.

Sasa fanya hivi. Zima gari, chomoa fyuzi, ndipo uchokonoe soketi kwa kijiti kikavu, si chuma. Weka ya buluu. Ikiungua bila chaja, tafuta waya uliochunika; ikiungua chaja ikiingia tu, chaja ndiyo mbovu. Na soketi iwekewe mfuniko.

Pini zile usimpe Aziz. Mpe Asmah mwenyewe mkononi, mbele ya abiria, umtazame machoni: "Dada, hizi ndizo zinaunguza fyuzi. Katoto ndiko kamesema."