Mvua ya Saa Nane na Ukuta wa Shemeji

Alhamisi, karibu na Kimulot, 1997.

Mvua tena. Hapa inakuja baada ya chakula cha mchana kama mtu mwenye ahadi, na mimi nimeanza kuiogopa.

Nimevuka mpaka kutoka Musoma kumwona dada Rhobi, aliyeolewa huku milimani na Otieno, fundi wa redio ambaye naye ni mgeni hapa, mtu wa upande wa ziwa. Kazi yangu ni kuandika mabango, kwa hiyo siwezi kupita dukani bila kusoma ukuta. Siku za kwanza nilicheka peke yangu. Kwetu nyama inauzwa bucha, hapa ni butchery, na ng'ombe aliyechorwa mlangoni anatabasamu kana kwamba hajaambiwa. Kwa kinyozi pamechorwa vichwa vitatu vya nywele za mtindo wa bapa, vyote vya mtu mmoja, masikio hayalingani.

Kisha nikaacha kucheka.

Juu ya mlango wa shemeji pameandikwa FUNDI WA REDIO, lakini maneno yamesukumwa kulia, na kushoto ni chokaa tupu. Hakuna mwandishi wa mabango anayeanzia katikati ya ukuta. Kulikuwa na neno pale, na mtu amelifunika.

Nakiri nilimfikiria vibaya. Huku duka huitwa kwa jina la mama wa nyumba, Mama Fulani Store, na dada yangu bado hajapata mtoto. Nikajiuliza ni mama gani aliyefutwa pale kabla dada hajaletwa. Siku mbili nimekula ugali wa shemeji huku nikimkagua kwa jicho la pembeni. Yeye ananiongezea mboga tu.

Leo mvua ilinikuta ng'ambo ya barabara, nikajibanza chini ya kibaraza cha butchery. Ukuta wa shemeji ukalowa. Aliyepaka chokaa juu ya rangi ya mafuta hakuwa fundi, maana chokaa ikilowa huonyesha kilicho chini yake. Herufi zikaanza kujitokeza, nyekundu, moja baada ya nyingine.

OTIENO.

Jina lake mwenyewe. Nikatazama safu nzima ya maduka. Kwa mshona viatu, OUMA. Kwa fundi cherehani, jina jingine la ziwa. Yote yalikuwa yamepakwa chokaa, na yote yamelowa.

Mama Chepkoech, mwenyeji anayetuletea maziwa, alikuwa amesimama karibu nami na mtungi wake.

"Kila mvua hiyo jina inarudi," akasema. "Otieno alipaka hiyo chokaa mwenyewe mwezi jana. Si uchaguzi inakuja? Mimi nilimwambia wacha hiyo jina. Kwani hatumjui?"

Alisema kwa upole kabisa. Nimeyageuza maneno hayo jioni yote na bado sijui yamekaa upande gani. Nakumbuka habari za uchaguzi uliopita, jinsi watu wa ziwa walivyofukuzwa na majirani zao kule chini ya milima hii, wakakimbia na magodoro kichwani. Dada alituandikia kwamba ni mbali na kwao. Sasa namwona kila jirani anahesabu milango ya watu wa ziwa, hata yule aliyeniazima mwavuli nivuke barabara, na naona aibu kuwaza hivyo.

Shemeji aliponiona sijagusa chai alijua nimeusoma ukuta.

"Wewe ni fundi, shemeji," akasema. "Nifunikie hiyo jina kwa kazi ya kweli, isirudi tena."

Dada hakuinua macho. "Mwachie mtu jina yake," akaniambia. "Ama turudi naye Musoma mapema, kabla ya uchaguzi."

"Niende wapi?" akasema shemeji. "Wateja wangu wako hapa."

Dada alikunywa chai yangu.

Kazi hii inaniuma moyo. Maisha yangu yote nimelipwa ili majina yaonekane toka mbali. Lakini nikikataa, mvua ya kesho itamtaja, na ya keshokutwa, na mimi nitakuwa nimepanda basi nimeenda zangu.

Kwa hiyo nitapaka. Asubuhi, ukuta ukiwa mkavu, nitakwangua chokaa, nipake rangi ya mafuta mara mbili, kisha nisogeze FUNDI WA REDIO katikati, ikae kama haijawahi kuwa na jirani. Mvua haitatoa kitu.

Na Mama Chepkoech atapita na maziwa yake, asimame mlangoni, amwite Otieno kama anavyomwita kila siku, barabara nzima isikie.